Shangazi Alipokwenda Kutoa Pole Portland

Shangazi yangu wa Tanga hapitwi na msiba. Akisikia kilio mtaa wa tatu, ameshajifunga kanga na ameshajua kaburi linachimbwa na nani. Sasa mtu wa namna hiyo umlete Portland, Oregon, Marekani, msimu wa Halloween, sikukuu yao ya mwisho wa Oktoba ya kuchezea mizimu na makaburi! Majirani wetu wote walikuwa wamesimamisha mawe ya makaburi kwenye majani, na mifupa ya plastiki imekaa vibarazani imekunja nne. Shangazi alipita katikati ya barabara akisoma Ayatul Kursi.

"Mtaa huu umekwisha," akaniambia. "Kipindupindu?"

Nikaona nimtoe huko, nimpeleke kwenye maonyesho ya kumkumbuka mwandishi Ursula K. Le Guin yaliyofunguliwa mwishoni mwa Oktoba 2025. Hapa mjini bibi huyo ni mtu mkubwa. Alihamia mwishoni mwa miaka ya 1950, mumewe akifundisha historia chuoni, naye akaandika riwaya zake za kisayansi hapa hapa mpaka alipofariki Januari 2018, akiwa na miaka 88. Maonyesho yaliitwa A Larger Reality, yaani uhalisia mpana zaidi, maneno ya kwenye hotuba yake ya 2014 alipopewa tuzo New York, akaonya kwamba nyakati ngumu zinakuja na watahitajika waandishi wanaoweza kuona namna nyingine za kuishi. Aliyeyaandaa ni Theo, mwanawe wa mwisho, ambaye aliwahi kuwa na jumba lake mwenyewe la sanaa.

Katika maelezo yote hayo Shangazi alinasa mawili: mama amefariki, na mtoto wake ameandaa shughuli.

"Mtoto ana adabu," akasema, akitafuta kanga ya pili. "Wewe hata redio ya baba yako bado iko kwa fundi."

Ndani ya treni nikamsimulia vitabu. Kile cha 1969 kina sayari ya baridi kali ambayo watu wake si wanaume wala wanawake. Siku chache tu kila mwezi ndipo mtu hugeuka, safari hii mume, safari nyingine mke, na mtu yule yule anaweza kuwa baba wa huyu na mama wa yule. Shangazi alilifikiria jambo hilo vituo viwili vizima.

"Mahari anatoa nani?"

Wahakiki wamekichambua kitabu kile zaidi ya nusu karne na sijaona aliyeligusa swali hilo. Nikamhamishia kwenye kile cha mchawi, cha 1968, chenye visiwa na mabaharia, ambamo ukilijua jina la kweli la mtu umeshamweza. Hapo akaitikia kwa kichwa. "Ndiyo maana mganga hukuuliza na jina la mama." Nikamwambia na shujaa mwenyewe ni maji ya kunde, ila wachora majalada walimfanya mzungu miaka na miaka huku bibi akilalamika. Alikasirika kabisa. Tuliposhuka kituo cha Kenton alikuwa ameshakuwa mtu wa upande wa marehemu.

Pale Kenton pana sanamu ya Paul Bunyan, mkata miti wa hadithi za Wamarekani, mita 9 na ushei, ameshika shoka tangu 1959. Shangazi akaniuliza kama ndiye mjumbe wa nyumba kumi. Tukapita.

Mlangoni alivua viatu. Ndani, watu wamevaa nyeusi, ndivyo wanavyovaa watu wa sanaa, wanatembea polepole, wananong'ona mbele ya picha za bibi mwenye mvi. Wewe ungedhani nini? Shangazi akatandika kanga pembeni, akakaa, akanyoosha miguu, akauliza jikoni ni wapi akasaidie vitunguu. Kabla sijamjibu akamwona mwanamume mmoja mwenye ndevu, macho mekundu, kasimama peke yake.

"Mtoto wa marehemu yule pale."

"Shangazi, siye. Mwenyewe hayupo leo, yule ni mgeni kama sisi…"

Alikuwa ameshafika. Akaushika mkono wa yule bwana kwa mikono yake yote miwili. "Pole, baba. Kazi ya Mungu haina makosa."

Yule bwana akanigeukia. Nikamtafsiria kwamba anampa pole ya kufiwa, nikavuta pumzi ili nimweleze na mkanganyiko wenyewe, lakini kidevu kilikuwa kimeshaanza kumcheza. Akasema mama yake mzazi ndiye aliyekuwa akimsomea vitabu hivi utotoni, akalia, machozi ya kweli. Shangazi hakuhitaji ushahidi mwingine. Akafungua pindo la kanga, akatoa noti ya dola 20 iliyokunjwa ikawa ndogo kama karafuu, akaibana kiganjani mwake.

"Ya sukari hiyo."

Mimi ningeweza kuyazima yote pale, isipokuwa lile lilikuwa jumba la sanaa ya kisasa, na watu huingia humo wakitegemea lolote. Mama mmoja nyuma yetu akavua viatu. Kijana akavua. Foleni ikajipanga yenyewe: unampa mkono mwenye ndevu, mikono miwili, unasema "po-le", kisha unakwenda kukaa chini. Mzee mmoja akaninong'oneza, msanii huyu ni wa wapi?

"Tanga," nikasema.

Mwenye ndevu naye akawa anawashukuru waliokuja, kana kwamba kweli amefiwa yeye. Nikamwomba aniruhusu nimrudishie Shangazi pesa zake. Shangazi akanikata jicho, rambirambi hairudishwi.

Kisha akaanza kupanga ukumbi: wanaume huku, wanawake kule. Wakatii wote, isipokuwa mwanafunzi mmoja mwenye nywele za zambarau, akainua mkono na kuuliza kwa heshima: asiyekuwa huku wala kule akae wapi? Nikatafsiri huku jasho likinitoka.

Shangazi akamtazama toka juu hadi chini, uso ukamchanua, akapapasa kanga ubavuni kwake.

"Wa ile sayari! Njoo ukae hapa, mwanangu, uniambie habari ya mahari."

Mwanafunzi akakaa, akalipokea swali kwa uzito wake, akafikiri, akajibu kwamba labda wanatoa wote wawili.

"Wote wawili?" Shangazi akaguna. "Basi hapo hakuna aliyeoa."