Mshale Umelala kwenye E

Gari langu ni la mwaka 1996, limeingia Dar likiwa tayari mtu mzima. Redio ni ya Kijapani, masafa yake yanaishia 90, kwa hiyo nusu ya jiji inatangaza mimi nasikiliza mluzi. Nimezoea. Kioo cha nyuma kinashuka kwa umeme na kupanda kwa kuvutwa na watu wawili. Nacho nimekizoea. Ila mwezi wa tatu mshale wa mafuta ukalala kwenye E, ukagoma kuamka hata niweke ya elfu hamsini.

Geji ikifa unageuka mhasibu. Unaweka lita tano, unaandika kilomita nyuma ya risiti, unazidisha tano mara kumi na moja, halafu unatoa foleni ya Ubungo. Sasa foleni ya Ubungo unaitoaje? Jirani yangu mmoja, mzee aliyeendesha malori enzi zake, akanifundisha kulitikisa gari na kusikiliza, kama unavyochagua nazi sokoni. Basi kila alfajiri yeye yuko kwenye bampa anatikisa, mimi nimebandika sikio ubavuni. Watu wanaowahi mwendokasi wanapita wakitutazama kwa huruma.

Usiku mmoja likazima katikati ya mlima wa Kimara. Nikafungua boneti, nikagusagusa betri, nikachomoa waya za plagi nikazirudisha, dakika ishirini nzima. Mshale muda wote uko kwenye E. Siku hiyo peke yake ulikuwa unasema kweli, na siku hiyo peke yake sikutaka kuusikiliza. Boda akaniletea mafuta kwenye chupa ya maji, kwa bei ambayo hata EWURA hawajawahi kuitangaza.

Asubuhi nikaenda kwa fundi wa kwanza, chini ya mwarobaini. Hakufungua kitu. Alichungulia dirishani, akasema, "Bosi, hapo dashibodi nzima imekwenda." Akataka nikamtafutie nyingine ya mtumba Gerezani. Nikamuuliza kilomita zake zitakuwa za nani. Akacheka, akasema nitakazozipata ndizo zangu. Wa pili akasema pampu. Pampu! Gari linawaka, linakimbia, linapanda Kimara likiwa na mafuta, pampu imekosa nini? Nikagundua kwamba mafundi wetu wanataja ugonjwa kwa kuangalia viatu vya mgonjwa.

Wa tatu alikuwa kijana mdogo, katoka VETA juzi. Akauliza, "Mshale wa joto unafanya kazi?" Unafanya. "Taa za dashibodi?" Zipo. "Basi tuanzie nyuma." Akang'oa kiti cha nyuma. Chini yake tukakuta penseli tatu, kadi ya mchango wa harusi ambayo niliapa sikuletewa, na kifuniko cha bati. Chini ya kifuniko ndiyo mdomo wa tanki. Mzee wa malori akasogea na sigara yake kushangaa, kijana akamwomba kwa adabu akaimalizie kwa mjumbe.

Akanieleza. Ndani ya tanki kuna boya kwenye kijiti. Mafuta yakipanda nalo linapanda, kijiti kinasugua kibamba, umeme unaopita unabadilika, mshale unafuata. Akachomoa soketi, akaunganisha waya wa geji na bodi ya gari kwa kipande cha waya, akasema, "Washa swichi, bosi." Mshale ukatikisika, ukaanza kupanda taratibu kama mgonjwa anayenyanyuliwa kunywa uji. Ukafika F! Tangu ninunue gari hili sijawahi kuiona F. Nilitaka kuita familia.

"Dashibodi nzima, waya mzima," akasema. Akafuata waya wa ethi, ule unaorudisha umeme wa boya kwenye bodi, mpaka ulipofungwa. Kutu tupu, nati inacheza. Msasa kidogo, akakaza, kwisha. Elfu kumi. Dashibodi ya Gerezani ilikuwa laki na nusu.

Nilifurahi siku tatu. Ya nne akaja shemeji yangu, yule ambaye kila Jumapili ana msiba au mgonjwa Goba. Miezi yote hii nilikuwa namwonyesha tu dashibodi kwa kidole: "Shem, tazama mwenyewe." Anatazama, anaona E, anapiga simu kwa boda. Wala sikuwa nasema uongo. Alikuwa anasoma mwenyewe.

Safari hii alifungua mlango wa mbele, akakaa, akafunga mkanda, akainama kwenye dashibodi kama daktari. "Shem, naona nusu tanki hapa. Goba kwenda na kurudi si unabaki na robo?"

Tulienda Goba. Kurudi tulikuwa watano, na kuku.

Kesho namtafuta yule kijana. Nataka kumuuliza kitu kimoja tu: ile nati ya ethi inafunguliwa na spana namba ngapi.