Kutu haifunikwi, hukatwa

Nina msimamo mmoja kuhusu magari ya zamani, na kila mwaka unaopita unazidi kukomaa: bati lililoliwa na kutu likatwe, litiwe bati jingine mahali pake. Lisipakwe puti. Lisimiminiwe lami. Lisipigwe rangi ya kung'aa kisha gari likaegeshwa barabarani na karatasi ya "Inauzwa" kwenye kioo. Na kazi hiyo ya kukata na kuziba, mtu mwenye subira na kivuli cha kutosha uani anaweza kuifanya nyumbani kwake, ikatoka safi kuliko nyingi ninazoziona zikitoka gereji.

Nazungumzia zaidi Peugeot 504 kwa kuwa ndiyo ninayoijua kwa mikono. Ilitoka 1968, na taji la Gari la Mwaka barani Ulaya la 1969 likawa lake, umbo lake likiwa limechorwa na kampuni ya Pininfarina ya Italia. Huku kwetu iliunganishwa hapa hapa Mombasa. Iliyoitangulia, 404, ilikuwa imeshinda Safari Rally mara nne, 1963, 1966, 1967 na 1968, na ushindi wa 1966 na 1967 uliletwa na Bert Shankland, dereva wa Tanzania. 504 nayo ikashinda 1975 mikononi mwa Ove Andersson, kisha 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda na ile ya milango miwili yenye injini ya V6. Stesheni wagoni zake zilibeba abiria kati ya Nairobi, Nakuru na Kisumu, watu wamebanana safu tatu za viti na mizigo juu, miaka nenda miaka rudi. Gari lililostahimili hayo yote leo linakufa kwa sababu ya kikombe cha maji kilichotuama ndani ya mlango. Hilo linaniuma kwelikweli.

Watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa kutu ni nini. Tunaiona kwenye misumari, kwenye mageti, kwenye mapaa. Lakini kwenye gari huenda kimyakimya. Chuma kikikutana na maji na oksijeni huanza kugeuka, na maji yakiwa na chumvi mambo huenda mbio, maana maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri zaidi, na kutu kwa asili yake ni kazi ya umeme mdogo mdogo unaotembea juu ya bati. Upepo wa bahari huubeba unyevu huo wa chumvi hadi nyumba zisizoona ufuo. Nao hauishii nje ya gari. Unaingia ndani ya zile mbavu za chini ya milango, ndani ya nguzo, nyuma ya taa, chini ya kapeti. Huko jua halifiki, maji hayakauki upesi, na rangi ya kiwandani ilifika kwa shida. Kwa hiyo ukiona lengelenge dogo la rangi upande wa nje, mara nyingi bati limeshaliwa kutoka ndani. Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa, ndiyo sababu rangi inafura.

Kuna wanaosema haya ni mambo ya urembo. Siyo. 504 ya saluni haina chesisi ya peke yake chini, bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu. Mbavu ya chini ya mlango ndiyo inayozuia gari lisilegee katikati. Pale springi ya mbele inapokamatia kwa juu, chini ya boneti, uzito wa mbele umeegemea bati tupu. Jeki ikizama ndani ya sakafu badala ya kuinua gari, hapo tunazungumzia usalama wa watu watakaokaa ndani.

Puti yenyewe sina ugomvi nayo. Ni unga wa talki uliochanganywa na gundi ya plastiki, na ilitengenezwa kusawazisha mabonde madogo juu ya bati zima, unene wa milimita mbili au tatu. Tatizo ni kwamba hunyonya unyevu. Ukiiweka juu ya kutu umeyafungia maji ndani pamoja na ugonjwa. Nimewahi kufungua mbavu ya gari lililotoka kupigwa rangi katika gereji moja, nikakuta magazeti yaliyokunjwa, juu yake waya wa wavu, na juu ya wavu puti nene kuliko kidole. Mwenye gari alikuwa amelipa pesa za bati, na gari hilo ndilo lililokuwa likipeleka watoto shule. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na hapa kifo kingeweza kuwa cha mtoto.

Kabla ya kushika chombo chochote, chukua sumaku ndogo, izungushie kitambaa laini, uipitishe pole pole chini ya milango, kwenye kingo za madigadi na kuzunguka kioo cha mbele. Inaposhika vizuri pana bati. Inapoteleza pana puti. Kisha toa viti na kapeti zote, ulale chini ya gari na bisibisi butu, ugonge na kusukuma. Bati zima lina mlio mkali, lililooza lina mlio mfu. Weka alama ya chaki kila unapopata shaka. Kwenye 504 nenda moja kwa moja kwenye mbavu za chini, pembe za sakafu miguuni pa dereva, sehemu za chini za milango, na sakafu ya buti. Usishangae orodha ikiwa ndefu. Afadhali ujue yote siku ya kwanza.

Sasa kukata. Hapa ndipo watu wengi huogopa, na hapa ndipo kazi inapofaulu au kuharibika. Kutu ina mpaka, na mpaka huo uko mbali kuliko unavyoonekana. Sugua kwa brashi ya waya mpaka ukutane na chuma kinachong'aa bila vidoa vyeusi, kisha kata ndani ya chuma hicho kizima. Ukikata kwenye ukingo wa kutu kwa kuonea huruma bati, moto wa kuchomelea utatoboa pale pale na utakuwa unafukuza tundu wiki nzima. Fanya ubavu mmoja, umalize, ndipo uende wa pili. Kabla ya kukata mbavu ya chini, choma vyuma vya kushikiza ndani ya fremu ya mlango, viizuie isisogee. Bila hivyo gari litapinda kidogo usione, na mlango hautafunga tena sawasawa. Gari likae juu ya stendi imara kwenye sakafu ngumu, kamwe lisikae juu ya jeki peke yake.

Bati la kuziba liwe jeusi, lisilo na zinki. Kwa ngozi ya nje geji 20 inatosha, ambayo ni kama milimita 0.9. Kwa sehemu zinazobeba uzito tumia geji 18, kama milimita 1.2. Tengeneza kielelezo cha karatasi ngumu kwanza, hamishia kwenye bati, kata, kunja, pima, kunja tena. Mabati ya paa yaliyobaki ujenzini yaache huko huko. Zinki ikiungua hutoa moshi mweupe unaoleta homa na baridi ya mwili usiku huo huo. Na hili la kunywa maziwa baada ya kuchomelea nalisikia kila mahali, hata kwa mafundi wazee ninaowaheshimu sana: maziwa huenda tumboni, moshi umekwenda mapafuni. Kinachosaidia ni barakoa ya kweli, upepo wa kupita, na kukwangua zinki kabla ya moto. Rangi za zamani nazo zinaweza kuwa na risasi, kwa hiyo piga msasa wa maji, usivumishe vumbi mbele ya watoto wanaocheza uani.

Kuhusu mashine ya kuchomelea, ile ya vijiti kwa bati jembamba ni mateso, inatoboa. Gesi ya asetilini, mkononi mwa fundi aliyekomaa, hutoa kazi nzuri mno, ila joto lake hutawanyika na anayejifunza atapindisha bati lote. Kwa mtu wa nyumbani nashauri ile ya waya wenye gesi, MIG, na waya wa milimita 0.6. Siku hizi hukodishwa. Fanya mazoezi kwenye vipande vya bati lile lile mpaka mkono utulie. Ukifika kwenye gari, choma nukta moja, ruka mbali, choma nyingine, rudi ukishaona bati limepoa kiasi cha kushikika. Usichore mstari mrefu wa moto kwa pupa, bati litajikunja kama jani la mgomba juani. Usilimwagie maji ili lipoe haraka. Na kabla ya cheche ya kwanza, betri iwe imetolewa, waya za altaneta zimefunguliwa, tangi la petroli limeshushwa na kupelekwa mbali. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa kwa sababu ya mvuke. Ndoo ya maji na mtu wa pili anayetazama upande usiouona lazima wawepo, kwa maana kapeti na sponji huwaka taratibu nyuma ya ukuta wa bati.

Kutu nyepesi ya juu juu kwenye chuma kizima haihitaji kukatwa. Isugue, ipake dawa yenye asidi ya fosforasi, isubiri igeuke kijivu cheusi, osha na ukaushe, kisha paka praima, ile rangi ya kwanza ya kukinga chuma, siku hiyo hiyo. Chuma kitupu kikilala usiku mmoja pwani, asubuhi kimeshaanza rangi ya machungwa.

Rangi ya juu sitaisemea sana. Rangi za kisasa zenye kigumisho zina kemikali inayoweza kumletea mtu pumu ya maisha, na barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Mpelekee mpiga rangi mwenye chumba cha kazi hiyo na barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba. Usijione umeshindwa kwa hilo, bati ndilo lililokuwa kazi yako.

Kinacholinda gari kwa miaka ishirini ijayo hakionekani kabisa. Chini ya kila mlango na kila mbavu kiwanda kiliacha matundu ya kutoa maji. Mengi yamezibwa na vumbi, na mengine yamezibwa na mafundi wenyewe kwa rangi na lami. Yatafute yote, uyazibue kwa waya, na ukitengeneza kipande kipya ukumbuke kuyatoboa upya. Kisha nyunyizia ndani ya mbavu nta ya kuyeyushwa, nyembamba, inayotambaa hadi kwenye maungio. Nta hubaki laini, ikikwaruzwa hujisogeza. Lami hukauka, hupasuka, maji hupenya nyuma yake na kukaa, nawe huoni mpaka kipande kianguke. Oili chafu ya injini watu wanaipenda kwa kuwa ni ya bure, lakini hulainisha raba, hunuka, hudondokea udongo wa uani na ina uchafu usiofaa kushikwa kwa mkono. Huo mwendo wa mwaka mara moja wa kupuliza nta, ndio ninaoupigania zaidi ya mambo yote katika makala hii.

Nikilaumu puti silaumu fundi wa jua kali. Wengi wao wana mkono wa kukunja bati ambao mimi sitaufikia, na wanajua vizuri sana gari linahitaji nini. Lawama ni yetu wenye magari. Tunaingia gereji tukiuliza litatoka lini na itakuwa bei gani. Hatuulizi utakata wapi, utatumia bati geji gani, ndani utapaka nini. Tunapewa bei mbili, tunachukua ya chini, halafu tunataka harusi ya Jumamosi iikute 504 inang'aa. Fundi aliyetaka kufanya kazi ya haki amenyimwa kazi, aliyejaza magazeti amelipwa. Tukiendelea hivyo ujuzi wenyewe utapotea, maana hakuna kijana atakayejifunza kukunja mbavu ya bati kama hakuna anayemlipa kwa saa za kuikunja.

Ndiyo maana nasema mwenye gari aanze na uani kwake, hata kwa pembe moja tu ya sakafu. Aliyewahi kukata na kuziba kipande cha ukubwa wa kiganja anajua ni jasho kiasi gani, na akienda kwa fundi hatapunguza bei kwa ubishi wa sokoni. Atajua pia cha kukagua. Piga picha kila hatua: kutu ilivyokuwa, shimo lilivyokatwa, bati jipya kabla ya praima, nta ikiwa ndani. Ukimpa fundi kazi, muombe naye akupigie picha hizo kabla ya kufunga, na umlipe sehemu ya fedha siku ile mbavu ziko wazi na umeziona kwa macho.

Na wewe unayenunua, usianze na boneti. Omba picha za mbavu. Zisipokuwepo, toa sumaku, lala chini, gonga. Muuzaji akikukataza kugusa huko chini, mrudishie ufunguo uondoke.