Ukurutu usiopona: kinyama kikatwe lini?

Jina la mikosisi fungoidesi linapotosha. Jean-Louis Alibert, daktari wa Paris, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1806 alipoona vivimbe vilivyofanana na uyoga, lakini fangasi hawamo. Ni limfoma ya ngozi, yaani saratani ya seli T: askari wa kinga ya mwili walioasi na kupiga kambi ngozini. Tena vivimbe huja baadaye, au visije kabisa. Kwa miaka mgonjwa huwa na mabaka makavu yanayowasha, anatibiwa ukurutu (pumu ya ngozi) au soriasisi, ugonjwa wa mabaka yenye magamba.

Je, kila baka sugu likatwe kinyama, yaani kipande kidogo cha ngozi cha kupimwa kwa hadubini, mapema?

Wanaosita wana hoja nzito kuliko tunavyowapa. Ugonjwa ni adimu. Ukurutu umejaa kila mtaa. Kinyama cha mapema mara nyingi hakisemi kitu: seli zilizoasi ni chache, zimejificha kati ya zile za upele wa kawaida, na hata msomaji mzoefu wa hadubini huishia kuandika "huenda". Isitoshe, mabaka yakiwa machache tiba haiko mbali na ya ukurutu, dawa ya kupaka au mwanga, na wengi wa wagonjwa hao huishi miaka yao kama watu wengine.

Hoja hiyo inaniingia, ila inakwama pale mgonjwa anapopandishiwa dawa. Siklosporini hutuliza soriasisi kwa kuifunga mikono kinga ya mwili, na limfoma iliyofichika hupata mwanya. Kabla ya dawa ya aina hiyo kwa upele wenye shaka, ningetaka kinyama, na si kimoja.

Ngozi nyeusi ina mtego wake: mabaka meupe, hasa kwa watoto na vijana, yanayodhaniwa utangotango, mbalanga au hata ukoma. Yakikaa matakoni na mapajani, pasipopigwa jua, na dawa ya fangasi isiyaguse, sioni cha kungoja.

Hata kinyama kilichokatwa kwa wakati huharibiwa na jambo dogo. Mgonjwa amejipaka krimu ya steroidi ya dukani hadi asubuhi ile. Seli zimepungua, majibu yanarudi "ukurutu", faili linafungwa. Angeambiwa aiache wiki mbili hadi nne kabla, huenda majibu yangekuwa mengine.