Ubaridi wa kiyoyozi si hewa safi

Kumbi nyingi za semina Dar es Salaam zina kiyoyozi cha ukutani, na madirisha hufungwa ili ubaridi usitoke. Wanaotoka juani wakiingia huvuta pumzi na kusema, "Humu kuna hewa." Lakini viyoyozi vingi vya aina hii hupoza hewa ileile ya ndani na kuirudisha. Ya nje hupenya kwenye nyufa tu.

Anayetaka kujua ni kiasi gani apime hewaukaa (kaboni dioksidi, gesi tunayoitoa tukipumua). Nje iko karibu sehemu 420 kwa milioni. Inayozidi hapo chumbani, kama hakuna jiko, imetoka mapafuni mwa watu. Mtu aliyeketi hutoa takriban lita 0.005 kwa sekunde. Gawanya kwa ile ziada, ukiiandika kama sehemu ya milioni, utapata hewa safi ya kila mmoja.

Ninachopinga ni haraka. Chukua chumba cha mita za ujazo 150 chenye watu 30. Nusu saa baadaye kipimo kinaonyesha 1,800, yaani ziada ya 1,380, hesabu inatoa lita 3.6 kwa sekunde kwa mtu, ripoti inaandikwa. Namba hiyo bado ilikuwa inapanda! Hesabu ile hufaa ikishatulia, na katika chumba kama hiki huchukua saa tatu hivi.

Afadhali wapimaji wasubiri watu watoke, mlango ufungwe, waangalie inavyoshuka. Ziada ya 1,380 ikibaki kama 510 baada ya saa moja, hewa imebadilika mara moja tu, yaani mita za ujazo 150 kwa saa kwa watu 30: lita 1.4 kwa sekunde kwa kila mtu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unataka 10.

Hili linaniuma zaidi kwenye sehemu za kusubiria wagonjwa, kwa sababu kifua kikuu husafiri hewani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulipima kwa hewaukaa vyumba vya wagonjwa katika hospitali 8 za Lima, Peru. Madirisha na milango ikiachwa wazi, hewa ilibadilika mara 28 kwa saa katika chumba cha katikati ya orodha. Vyumba vinavyopitishiwa hewa kwa mashine vilikadiriwa mara 12. Majengo ya zamani, yenye dari ndefu na madirisha makubwa, yaliyapita ya kisasa.

Basi kwa nini tunajenga zahanati mpya zenye vidirisha vya upande mmoja? Mkandarasi asikabidhi jengo kabla halijapimwa hewa, nyavu za mbu zikiwa zimewekwa madirishani na milango ikiwa kama wauguzi wanavyoiacha siku ya mvua.