Kalamu ya Berlin, si uwanja wa ndege wa Leipzig

Muulize kijana yeyote wa Kamalondo au Katuba, mitaa ya Lubumbashi yetu, aliyeiangalia "Captain America: Civil War" yuko upande gani. Atakujibu kabla hujamaliza swali: Cap, au Iron Man. Sasa muulize ule mkataba waliougombania ulisema nini. Hapo atakuna kichwa, kisha atakurudisha Leipzig, pale Ant-Man anapovimba na kuwa jitu. Filamu ilitoka mwaka 2016, na mpaka leo ubishi wake unaishia palepale: nani angempiga nani, ngao ingevunjika au isingevunjika, Spider-Man alikuwa anajizuia au alikuwa anapigana kweli.

Ushabiki wa namna hiyo mji huu unaujua vizuri. Kwenye mpira, Lubumbashi ni Mazembe na Lupopo. Mtu anazaliwa katika nyumba ya Kunguru au katika nyumba ya watu wa reli, na siku ya derbi hakuna anayemdai sababu. Kampuni iliyoitangaza filamu ilijua kwamba dunia nzima iko hivyo, ndiyo maana iliwagawa watazamaji timu mbili hata kabla hawajaingia ukumbini. Lakini timu za derbi zipo kabla mpira haujapigwa. Za filamu hii ukizihesabu unakuta si timu kabisa.

Tuzihesabu. Uwanjani Leipzig wamesimama watu 12, sita kwa sita. Upande wa Rogers, yaani Captain America, kuna Sam, Bucky (rafiki yake wa zamani aliyegeuzwa askari muuaji), Wanda, Clint na Scott, yule Ant-Man. Upande wa Stark, yaani Iron Man, kuna Rhodes, Natasha, Vision, T'Challa na Peter Parker, yule Spider-Man. Kati ya hao 12, walioketi mezani siku Ross, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, alipowawekea mkataba ule mzito ni saba tu: Rogers, Sam, Wanda, Stark, Rhodes, Natasha na Vision. Watano waliobaki hawakuujadili pamoja nao. Bucky alikuwa mafichoni. Clint alikuwa amestaafu, amekuja kumtoa Wanda kifungoni. Scott ameletwa na gari, anafurahi kumshika Captain mkono. Peter ni mwanafunzi aliyechukuliwa nyumbani kwa shangazi yake na kuahidiwa mavazi mapya. T'Challa anatafuta kichwa cha Bucky, anayeamini ndiye aliyemuua baba yake, basi. Ndege ikiondoka na Bucky au isiondoke, mkataba kwake si kitu siku ile. Tena hata hao saba hawabaki walipokuwa: Natasha, aliyekubali kutia sahihi, ndiye anayemzuia T'Challa ili Rogers na Bucky wapande ndege.

Na vita yenyewe wanapigania nini? Ndege. Rogers anaamini kuna askari wengine watano wa aina ya Bucky wamelala Siberia, anataka kufika kabla hawajaamshwa, na usafiri uko hangari. Stark amepewa saa 36 amlete. Ndiyo hivyo tu. Zile dakika 17 hivi ni kazi nzuri ya ndugu wawili, Anthony na Joe Russo, kila mtu anapewa zamu yake na kila nguvu inakutana na nguvu inayoijibu. Nadhani hakuna filamu ya kundi kubwa la mashujaa iliyowapanga watu wengi hivyo bila kumpoteza hata mmoja. Ila ukitaka kujua nani ana haki, uwanja ule haukupi jibu. Hata Rhodes anavunjika mgongo kwa risasi ya upande wake: Vision alimlenga Sam, Sam akakwepa, mwale ukampata rafiki.

Sasa turudi mezani, maana ndiko wengi hawakusikiliza, na wengine hawakuweza kusikiliza hata kama walitaka.

Hili la pili ni la ufundi, lisemwe wazi. Nakala nyingi zinazozunguka kwenye flashi zina sauti ya Kiingereza na maandishi ya Kifaransa yaliyotoka kwingine. Filamu ya sinema inakwenda picha 24 kwa sekunde. Maandishi mengi ya Ulaya yametengenezwa kwa nakala ya picha 25. Ukiyaunganisha, maandishi yanaitangulia picha kwa sekunde 2.4 kila dakika. Mwanzoni, Lagos, huoni kitu. Nusu saa ikifika, pale mezani kwa Ross, maneno yametangulia kwa zaidi ya dakika moja: unasoma jibu la Stark wakati Ross bado anaonyesha picha za maangamizi. Saa moja ikifika ni zaidi ya dakika mbili, na mwisho wa dakika 147 ni karibu dakika sita. Watu wanabonyeza G na H kwenye VLC, programu ya kuchezea video. Vitufe hivyo vinasogeza maandishi yote kwa kipimo kimoja, kwa hiyo yanakaa sawa sasa, na baada ya dakika kumi yametoka tena kwa sekunde 24. Dawa yake ni kubadilisha mwendo wenyewe: lifungue faili la maandishi kwa Subtitle Edit, programu ya bure, nenda kwenye kubadilisha idadi ya picha, toa 25 weka 23.976 (ile 24 yetu, kama nakala nyingi za kompyuta zinavyoiandika), hifadhi. Na kama badala ya é unaona Ã©, faili limeandikwa kwa mpangilio wa herufi uitwao UTF-8 na mashine inalisoma kwa mpangilio mwingine. Ingia kwenye mipangilio ya maandishi ya VLC uchague UTF-8.

Kuna na ukumbi wa video, ambako anayeendesha mashine anaruka sehemu za maneno kwa sababu mafuta ya jenereta yanapungua na wateja wanapiga kelele za ngumi. Ngumi haihitaji tafsiri. Matokeo yake kizazi kizima kinabishana juu ya filamu ambayo nusu yake haikukifikia.

Mkataba wenyewe, kama Ross anavyoueleza, ni huu: nchi 117 zimekubali, Avengers, ndio mashujaa hawa, hawatakuwa tena kundi la binafsi, watafanya kazi chini ya kamati ya Umoja wa Mataifa, na watatoka tu pale kamati itakapoona lazima. Wanapewa siku tatu, kisha nchi zinakutana Vienna kutia sahihi. Rogers anauliza maswali mawili, na naomba wanaomwita mkaidi wayasikilize tena. Kamati ikitutuma mahali tusipopaswa kwenda, je? Na kukiwa na mahali tunapopaswa kwenda, ikatukatalia?

Sisi wa Lubumbashi hatuhitaji filamu kuyajibu. Tarehe 21 Februari 1961, wiki chache baada ya Lumumba kuuawa nje kidogo ya mji huu, Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 161. Liliiruhusu ONU, yaani Umoja wa Mataifa, kutumia nguvu, kama njia ya mwisho, ili kuzuia vita vya wenyewe kwa wenyewe Kongo. Agosti na Septemba ya mwaka uleule kofia za bluu, askari wa ONU, zilifanya operesheni mbili hapa, Rumpunch kisha Morthor. Hiyo ya pili iligeuka mapigano mjini, na hadi leo wanahistoria wanavutana ni nani hasa aliyeiamuru na alikuwa na ruhusa ya kwenda mpaka wapi. Katibu Mkuu Dag Hammarskjöld alikufa katika ajali ya ndege karibu na Ndola usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba, akiwa njiani kwenda kutafuta jinsi ya kusimamisha moto huo. Karatasi ilikuwepo, kamati ilikuwepo, na bado watu walisoma sentensi moja kwa njia tatu.

Ila msimshangilie Rogers haraka. Mji huuhuu, miaka ileile, uliona na upande wa pili: mamluki wa Katanga iliyokuwa imejitenga, walioitwa "les affreux", yaani wa kutisha, watu wenye silaha nzuri wasiotoa hesabu kwa mwananchi yeyote. Nguvu bila mkataba tunaijua pia. Stark akisema tusipokuwa na mipaka hatuna tofauti na watu wabaya, hasemi upuuzi. Na angalieni Lagos. Kundi linaingia mji wa Waafrika kumfukuza Rumlow, mhalifu wanayemwinda, filamu haituonyeshi ofisa hata mmoja wa Nigeria aliyewaita, bomu linarushwa juu na Wanda kuokoa watu wa sokoni na linapasukia kwenye jengo lenye watu. Miongoni mwa waliokufa ni Wawakanda, watu wa nchi ya Kiafrika iliyobuniwa na filamu, waliokuwa kwenye kazi ya msaada. Msiba wa Lagos unapewa dakika chache za habari, halafu mjadala unahamia kwenye dhamiri za watu wa New York. Mwafrika pekee anayepewa nafasi ya kuwasemea wafu wale mbele ya dunia ni Mfalme T'Chaka wa Wakanda, baba yake T'Challa, naye analipuliwa papo hapo Vienna.

Kwa hiyo mkataba unahitajika. Mimi sibishani hapo. Ninachobisha ni utaratibu wa kuutia sahihi, na hapo ndipo ninaposimama na Rogers, katika eneo ambalo kwangu ndilo moyo wa filamu na ambalo karibu hakuna shabiki anayelitaja.

Yapata saa moja tangu mwanzo. Rogers amekamatwa, yuko ofisini Berlin. Stark anamletea kalamu mbili ambazo Roosevelt alizitumia kutia sahihi sheria ya msaada wa silaha kwa washirika mwaka 1941. Anaongea naye kwa upole, kama ndugu. Na Rogers, huyu wanayesema hakutaka kusikia, anashika kalamu. Anasema haoni kwamba haiwezekani, lakini lazima ziwepo kinga. Stark anajibu: bila shaka, tukishazima moto huu, nyaraka zinaweza kurekebishwa.

Simamisha filamu hapo. Sahihi leo, marekebisho kesho.

Mtu wa Haut-Katanga, mkoa wetu wa madini, akisikia maneno hayo anapaswa kukaa wima kwenye kiti. Sheria ya Madini ya mwaka 2002 iliandikwa nchi ikiwa bado vitani, kwa haraka ya kuvuta wawekezaji, na ndani yake kulikuwa na kifungu kilichowahakikishia wenye leseni kwamba sheria ikibadilika, mabadiliko hayatawagusa kwa miaka 10. Marekebisho yalikuja Machi 2018. Miaka 16. Hapo ndipo kobalti ilipoweza kutajwa kuwa madini ya kimkakati na mrabaha wake kupanda kutoka asilimia 2 hadi 10, na hata hivyo makampuni makubwa yalikishika kile kifungu cha zamani na kukigombania. Mkataba wa Sicomines na Wachina wa mwaka 2008, shaba na kobalti kwa barabara, ulifanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2024. Miaka 16 tena! Aliyetia sahihi kwanza hana tena kitu cha kumfanya mwenzake arudi mezani. Kabla ya sahihi wewe ndiye unayeombwa, kalamu ikishatua unakuwa mwombaji.

Na kinga zenyewe zingekuwa zipi? Si maneno makubwa ya uhuru. Ni vitu vya kawaida ambavyo karani yeyote wa mikataba angeviuliza: kamati ina watu wangapi na nani anawachagua, mji ukilia, ijibu ndani ya saa ngapi, nchi inayoingiliwa ina sauti gani, na anayekataa amri anapelekwa mahakama ipi. Filamu haituonyeshi hata kimoja. Inachotuonyesha ni gereza la Raft chini ya bahari, ambako Wanda amefungwa kola shingoni, na kesi hatuioni.

Wanda ndiye anayeivunja ile sahihi. Stark anateleza ulimi kwamba msichana amezuiwa ndani ya makazi yao, eti kwa usalama wake. Yaani adhabu imeanza kabla hata maswali hayajajibiwa. Rogers anarudisha kalamu mezani. Wanaosema alikataa kwa sababu ya Bucky wanachanganya mambo mawili. Urafiki na Bucky ulimfanya mtoro, lakini kalamu aliirudisha kwa sababu ya Wanda.

Ubaya wa Rogers ni mwingine kabisa, na mashabiki wake hawapendi kuusikia. Alijua, au alishuku vya kutosha, kwamba Bucky ndiye aliyewaua wazazi wa Stark mwaka 1991, akanyamaza. Anadai kinga kwa maandishi kutoka kwa dunia, na kwa rafiki yake anaficha. Zemo, adui aliyetaka kuwagombanisha, hakuhitaji jeshi lolote baada ya hapo. Mkanda mmoja wa video wa mauaji yale ulitosha.

Na marekebisho yaliyoahidiwa Berlin? Wa kwanza kuukiuka mkataba baada ya Leipzig ni Stark mwenyewe, anayekwenda Siberia kimyakimya bila kumwambia Ross. Filamu inapokaribia kwisha, Ross anampigia simu: wafungwa wa Raft wanatoroka. Stark anamwambia asubiri kidogo, anamweka kwenye laini, na taa ya simu inabaki ikimwekamweka mezani huku akiiangalia.