Fannie Mae na Freddie Mac: anayebeba hasara ndiye mwenye mali

Zirudishwe kwa wanahisa au zibaki mikononi mwa serikali? Swali hili kuhusu Fannie Mae na Freddie Mac halijapata jibu Marekani tangu Septemba 2008, serikali ilipozichukua kwa usimamizi ulioitwa wa muda. Kampuni hizi hazimkopeshi mwananchi moja kwa moja. Hununua mikopo ya nyumba kutoka kwa mabenki, huidhamini, kisha huiuza kwa wawekezaji kama hatifungani, na benki inapata fedha za kumkopesha mteja mwingine.

Wanaotaka ziuzwe husema serikali ilitia mkono kwenye soko, soko likaharibika. Maelezo hayo yanauruka mwaka 1968. Fannie Mae ilianzishwa 1938 ikiwa chombo cha serikali. Miaka 30 baadaye Rais Johnson, akiwa na vita vya Vietnam vya kugharimia, aliihamishia kwa wanahisa ili madeni yake yaondoke kwenye vitabu vya bajeti. Umiliki ulihama, dhamana ikabaki palepale. Hatifungani zenyewe ziliandikwa wazi kwamba serikali haizidhamini, lakini wanunuzi walizinunua wakiamini kwamba siku mambo yakiharibika serikali italipa. Hawakukosea.

Tazama hesabu za mwisho wa 2007. Kampuni hizo mbili zilikuwa na mtaji wa takribani dola bilioni 83, huku madeni na dhamana zao vikifika kama dola trilioni 5.2. Yaani kila dola 100 zilizoahidiwa zilikingwa na dola 1.60 hivi. Hasara ikigusa dola mbili katika kila mia, mtaji umekwisha. Kampuni ya kawaida ikienda sokoni na hesabu kama hizo, nani ataikopesha kwa riba iliyokaribia ile ya Hazina ya Marekani? Hayupo. Ndiyo maana sioni katika dola hiyo 1.60 uzembe wa mameneja peke yake. Naona zawadi ambayo mlipakodi aliitoa kwa miaka 40 bila kuulizwa. Sehemu ya zawadi hiyo ilimfikia mkopaji kwa riba nafuu, nyingine ikaishia kwenye gawio na bonasi. Mwaka 2006 Fannie Mae ilitozwa faini ya dola milioni 400 kwa kuchezea hesabu, na wasimamizi wakasema lengo mojawapo lilikuwa kuwapatia wakubwa bonasi zao.

Baada ya serikali kuzichukua, Hazina ilimwaga humo karibu dola bilioni 191. Kuanzia 2012 ilibadili masharti na kuchukua takriban faida yote, na mpaka 2019 ilikuwa imepokea zaidi ya dola bilioni 300. Wanahisa walilia kwamba wameporwa, wakaenda mahakamani. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ilisema msimamizi aliyewekwa na serikali hakuvuka mamlaka aliyopewa na sheria. Kilio chao kinaeleweka, ila bila fedha za umma kusingekuwa na faida ya kugombania.

Upande wa pili, wa wanaotaka ziuzwe, una hoja nzito, na iliyo nzito kuliko zote ni ya Desemba 2011. Bunge la Marekani lilitaka kurefusha nafuu ya kodi ya mishahara kwa miezi miwili. Fedha zikapatikana wapi? Ada ya dhamana ya kampuni hizi ikapandishwa kwa asilimia 0.1. Aliyekopa dola 200,000 akajikuta anabeba kama dola 200 kwa mwaka, mwaka baada ya mwaka, kwa ajili ya nafuu ya miezi miwili tu. Hiyo ni kodi iliyovishwa nguo ya riba. Nasi Tanzania hatuhitaji kufunzwa na Washington jinsi wanasiasa wanavyoikamua taasisi ya umma: Benki ya Nyumba ilifungwa 1995 ikiwa imeelemewa na mikopo isiyolipika.

Kwangu mimi, hoja hiyo inadai ada na masharti ya mikopo yawekewe uzio wa sheria ambao bunge lenye haraka haliwezi kuuruka. Haithibitishi kwamba wanahisa wapewe tena faida ilhali hasara inarudi kwa umma. Atakayenionyesha mnunuzi aliye tayari kuzichukua kampuni hizi bila dhamana ya serikali, iliyoandikwa au ya kukonyezana, nitamsikiliza.

Kwa Afrika Mashariki suala liko karibu kuliko linavyoonekana. Kampuni ya Kenya ya kuwezesha mikopo ya nyumba, KMRC, ina serikali yenye robo ya hisa. Nyingine ni za mabenki, sacco na taasisi za maendeleo. Lakini sehemu kubwa ya fedha ilizoanza nazo Hazina ya Kenya ilizikopa Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mwenye robo ya hisa ndiye mdaiwa wa deni hilo, na hesabu ya nani atalipa nini mikopo ikichacha inafaa iandikwe sasa, wakati kampuni bado ni ndogo.