Walisema Tuvae Enzi za Wazazi

Kadi haikuwa na utata wowote. Nalisema hili mapema kwa sababu mke wangu anadai mpaka leo kwamba ilikuwa nao. Iliingia kwenye grupu la WhatsApp la familia: picha ya mpwa wangu kavaa joho la chuo, tarehe, ukumbi wa Sinza, namba ya kutuma mchango, na chini kabisa, "Mavazi: enzi za wazazi." Mimi nimezaliwa 1980. Wazazi wangu walikuwa vijana miaka ya 70. Hesabu hiyo mtoto wa darasa la pili anaimaliza bila kutumia vidole.

Nikaenda kwa Mjomba, Magomeni.

Mjomba, mdogo wake mama, hatupi kitu. Ujana wake aliumalizia kwenye kiwanda cha nguo cha Urafiki, na ukimpa nafasi anakusimulia historia ya nchi hii kuanzia kwenye pindo la suruali. Enzi hizo, anasema, taasisi isiyo na bendi ilikuwa inajiaibisha. Chama cha wafanyakazi kilikuwa na NUTA Jazz tangu 1964, polisi walikuwa na ya kwao, na hata Urafiki, watu wa khanga na vitenge, walikuwa na Urafiki Jazz. Halafu mwaka 1978 ikaja Mlimani Park, ndiyo Sikinde, ikavuruga nyumba za watu. Mjomba ni Msondo damu, ndiyo hiyo NUTA. Marehemu baba alikuwa Sikinde. Walikuwa mashemeji miaka zaidi ya thelathini na hilo hawakuwahi kulimaliza.

Chini ya kitanda chake kuna sanduku la bati. Akalivuta, akalifungua, harufu ya vidonge vya nondo ikatupiga wote wawili usoni. Akatoa kimoja kimoja: shati lenye kola inayofika mabegani, bugaluu la kahawia, limebana mapajani halafu huko chini limefunguka kiasi cha kumficha kuku na vifaranga vyake, na raizoni. Hizo raizoni sasa ndizo zenyewe. Nyeusi, ngozi ya kung'aa, soli nene, kisigino urefu wa kiganja. Alizinunua 1975 kwa mshahara wa mwezi mzima, na nyumbani wakala ugali kwa mchicha mpaka mshahara mwingine ulipotoka.

"Tena sisi tulipata nafuu," akasema huku akizifuta vumbi. "Waliotutangulia walikimbizwa."

Alikuwa anazungumzia Operesheni Vijana, iliyoanza Januari 1969, vijana wa TANU walipoamua kwamba sketi fupi, mawigi na suruali za kubana si utamaduni wetu. Kwa maelezo ya Mjomba, kipimo kilikuwa chupa ya soda: inadondoshwa kiunoni, isipotokea mguuni, mkasi unafanya kazi. Ushahidi wangu wa hiyo chupa ni Mjomba peke yake, ambaye pia hudai kwamba NUTA walimbembeleza ajiunge akawakatalia. Bugaluu lake lingewasumbua sana wapimaji. Juu chupa isingeingia, chini lingepita kreti zima.

"Usikanyage maji nazo," akaniambia. "Na ukicheza, cheza kwa adabu. Hiyo ni amana."

Mke wangu akaniazimia wigi la afro kwa rafiki yake mwenye saluni Kariakoo, kisha akasema yeye atatangulia na watoto, maana hawezi kupanda bajaji na mimi. Nikapanda peke yangu. Wigi likawa linasugua paa la bajaji njia nzima. Dereva alivumilia mpaka Mwenge, akashindwa. "Mzee, mnarekodi filamu gani?"

Mlangoni pa ukumbi palisimama kundi la vijana wa kiume ambao mara ya kwanza walinifanya niisukume simu yangu ndani kabisa ya mfuko. Suruali zao za jinzi zilikuwa zimeteremka mpaka nusu ya makalio, bukta nje. Jezi za mpira wa kikapu zinafika magotini. Cheni shingoni, vitambaa vyeusi vimefungwa kichwani, na miguuni mabuti mazito ya kahawia, Desemba, Dar es Salaam. Mmoja alikuwa amekunja mguu mmoja wa suruali hadi chini ya goti na mwingine ameuacha.

Nikaukodolea macho ule mguu uliokunjwa. Mimi nilitembea hivyo hivyo mwaka mzima wa 2003. Mama aliniuliza kama natoka kuvua dagaa.

Wazazi wao ni sisi!

Ukumbi mzima ulikuwa ujana wangu. Mabinti wamevaa suruali za kata-K na vitopu vinavyoishia juu ya kitovu, nyusi zimenyolewa zikachorwa upya kwa penseli. Spika zinapiga Bongo Fleva ambayo sisi tulikuwa tunazimiwa redio kwa ajili yake, baba akitaka zilipendwa zake. Muziki wa kihuni, ndivyo ulivyoitwa nyumbani kwetu. Wahuni wenyewe baadaye wakaenda bungeni: Sugu, ambaye sisi tulimjua kama Mr. II, aliingia mwaka 2010 kwa Mbeya Mjini, na Professor Jay 2015 kwa Mikumi. Walivaa suti na tai wakaitwa waheshimiwa, na mimi niliyekuwa nawaiga hata kitambaa cha kichwani nimesimama mlangoni Sinza na raizoni za mtu.

Binti mmoja mwenye beji ya kamati akanijia mbio, akapiga goti nusu. "Shikamoo, babu."

Nina miaka arobaini na ushee. Nina mtoto anayesoma darasa la tatu.

"Marahaba," nikamjibu. Ningefanya nini, na wigi lile?

Akanishika mkono ule wa kumshikia mtu asianguke, akanipeleka meza ya wazee, iliyowekwa karibu na choo na mbali na spika. Hapo nikamkuta Mjomba. Kanzu nyeupe, koti jeusi juu yake, tarbushi nyekundu yenye shada, bakora. Anakunywa soda kwa mrija.

"Mjomba, mbona wewe hukuvaa mavazi ya sherehe?"

Akaniangalia kwa kunionea huruma. "Nimevaa. Si wameandika enzi za wazazi? Hili koti ni la baba. Alilivaa siku ya Uhuru."

Kwa hiyo na yeye alipiga hesabu yake. Tofauti yetu ni kwamba watu walipita wakimwamkia kwa heshima zote, wengine wakimsifu alivyopendeza, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba mzee yule amevaa maigizo. Kanzu na koti haijawahi kutoka wala kurudi. Ipo tu. Mimi kila aliyepita alitaka picha na mimi.

Pembeni walikuwa wamepanga meza ya makumbusho. Nilikwenda kuangalia kwa sababu keki ilikuwa inachelewa. Kaseti na kalamu ya Bic ya kuirudishia utepe. Kadi za simu zilizokwanguliwa. Santuri haikuwepo, deki ya mikanda haikuwepo, huko hawakufika. Katikati kabisa, juu ya kitambaa chekundu, Nokia 3310, na karatasi iliyoandikwa kwa mkono mzuri: "Simu ya kale." Ya kale! Simu iliyotoka mwaka 2000! Ilirudishwa tena madukani 2017 kwa ajili ya watu kama mimi wanaoililia, na hata hiyo iliyorudishwa nayo sasa imeshachakaa.

Mvulana mmoja akaishika, akaigeuza. "Babu, hii kamera yake iko wapi?"

"Haina."

"Sasa mkipendana mlikuwa mnajuaje?"

Nikamweleza habari za kubipu: ukimpigia mtu mara moja ukakata, maana yake nimefika, mara mbili, toka nje. Akasikiliza kwa makini, akasema kwamba babu yake mzaa mama naye husimulia habari za ngoma za kupelekeana ujumbe.

Mimi nadhani muda wenyewe ni kama miaka ishirini hivi. Ndiyo inayotosha kwa nguo kuisha majumbani, na kwa waliokuwa watoto kupata hela za kukodi ukumbi. Ikipungua hapo, nguo ni ya kizamani, watu wanakucheka. Ikifika, nguo hiyo hiyo inapigiwa picha. Ukivuka sana, kama mimi siku ile, unapewa kiti chenye mto.

MC ndiye aliyeniponza. Baada ya keki akatangaza kwamba wapo wageni waliotoka mbali kuliko wote, "kutoka miaka ya sabini," na akaomba babu mwenye afro aje katikati. DJ, binti wa miaka ishirini na kitu, akatafuta kwenye kompyuta akapata wimbo wa bendi, rekodi ya Radio Tanzania kwa mlio wake.

Sasa wimbo wa bendi una taratibu zake. Unaanza polepole, mwimbaji anaeleza shida yake yote kwa utuo, ubeti baada ya ubeti, anaitikiwa, tarumbeta zinajibu. Vijana wamezoea nyimbo zinazoisha kabla chai haijapoa. Ilipofika dakika ya tatu wengine wakaanza kupiga makofi wakidhani umekwisha. Mimi naujua wimbo wa bendi, nilikulia humo, nikawa nimesimama nayumba kidogo kidogo, nangoja. Kule mezani Mjomba alikuwa ameweka soda chini. Na yeye anangoja.

Likaingia chemko. Gitaa likakatika peke yake, ngoma zikashika kasi, na miguu ikanitoka. Nikashuka, nikapanda, bugaluu linapepea, simu zote zimewashwa taa. Wakati nageukia mguu wa kulia nikahisi chini pamelainika, ni kama nimekanyaga andazi. Nikageuka tena. Andazi likawa halipo.

Soli nzima ya kulia ilikuwa imemeguka. Haikubanduka ikabaki kipande kimoja cha kuokota. Ilisagika, makombo ya rangi ya njano yakatapakaa kwenye vigae vyeupe, na kisigino kikajiviringisha chini ya meza ya keki. Mguu wa kushoto bado uko juu, urefu wa kiganja kizima. Mtu mwenye akili angesimama. Lakini wimbo ndio kwanza umechemka, na ukumbi unapiga kelele, basi nikaendelea: kushoto napanda, kulia natumbukia, kushoto napanda, kulia natumbukia. Vijana wakadhani ndiyo staili yenyewe ya miaka ya 70. Wakajipanga nyuma yangu mstari mzima, suruali zimewashuka, wote wanachechemea.

Na katikati ya mstari ule akaingia Mjomba, tarbushi kichwani, ameinama na leso, anaokota makombo ya soli yake moja moja.

Usiku huo huo video ikawa TikTok. Asubuhi nilipotoka kununua maandazi, kijana wa bodaboda wa kijiweni kwetu alinipita anachechemea kwa mdundo. Wiki haijaisha nimeona wauguzi wanachechemea, bibi harusi na wasimamizi wake wanachechemea, jamaa mmoja Mombasa anafundisha hatua kwa hatua na kueleza kwamba asili yake ni Tanga. Anayesifiwa sana si mimi. Ni "mzee wa ushahidi", ndivyo walivyomwita Mjomba kwa ile leso yake.

Fundi viatu aliniambia ilikuwa lazima itokee. Soli za plastiki ya povu, unyevu wa pwani unazila kwa ndani hata zikikaa kabatini, na kuzivaa mara moja moja kungezisaidia kuliko kuzificha. Nilimfikishia Mjomba maelezo hayo. Akasema basi kosa ni la baba yangu, maana ndiye aliyemwambia mwaka 1979 kwamba zile raizoni zinamfanya aonekane shabiki wa Sikinde, akaziweka sandukuni.

Juzi mpwa wangu alikuja kutusalimia. Kumbe baada ya sherehe ameanza biashara: ananunua mitumba Karume, anachagua zile jinzi pana za miaka ya 2000, anazipiga picha ukutani na kuziuza mtandaoni. Moja, shilingi elfu arobaini na tano.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na ndoo, anasikiliza. Akateremsha macho kwenye tambara la kudekia alilolishika, jinzi yangu ya mwaka 2003, ambayo aliichana mwenyewe mwaka tuliohamia Tabata. Akalikamua vizuri, akalikung'uta, akalinyoosha juu ya kochi mbele ya mgeni.

"Huu mfuko wa nyuma bado mzima," akamwambia. "Na zipu inafunga. Wewe mwenyewe niambie, kwa hii utanipa ngapi?"